Mtunza kanisa aliyebanwa kifua na divai ya altare

Jumapili, jua halijachomoza. Lameck Chitanda anausukuma kwa bega mlango wa sakristia, chumba cha maandalizi ya ibada, maana mbao zimevimba kwa mvua za Machi na ufunguo peke yake hautoshi. Anavua ndala, anazipanga nje, anaingia peku.

Anapuliza makaa ya chetezo. Anapanga mikate midogo ya Ushirika kwenye sahani yake, anamimina divai kwenye chupa ndogo ya kioo, kisha anakifuta kikombe cha fedha taratibu kama anayemfuta mtoto uso.

"Hiki kinataka mkono mkavu," anasema. "Ukikishika na jasho, padri akikiinua, kanisa zima linaona vidole vyako."

Lameck ana miaka 59. Ni mtunza kanisa katika kijiji kimoja cha Waanglikana jirani na Lupaso, wilayani Masasi. Kazi hiyo aliifanya baba yake, na kabla ya hapo babu yake, aliyebatizwa na wamisionari. Anapiga kengele, anafagia, anafyeka makaburini na kufua vitambaa vya altare. Kwa mwezi hupewa Sh70,000. Chumvi na sabuni zinapatikana, mengine huyategemea mikorosho.

Ukimwona anavyojinafasi kati ya makabati yake, hutadhani kwamba mtu huyu huyu, kwa mwaka mmoja na miezi miwili, aliwaandalia wenzake meza ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuisogelea.

Katika kanisa lao, divai iliyokwisha kubarikiwa haimwagwi. Ikibaki, hunywewa palepale altareni mpaka tone la mwisho. Padri Ebenezer, ambaye kila Jumapili akimaliza hapo hupanda pikipiki kwenda kusalisha misa kijiji cha pili, alizoea kumwachia Lameck amalizie. Ilikuwa heshima, na Lameck aliibeba kifua mbele.

Kifua hichohicho ndicho kilichoanza kumsaliti.

Pumu ilimjia akiwa mtu mzima, ana miaka 47, wakati wengi huanza nayo utotoni. Akaizoea. Kisha akaona jambo la ajabu: kila akimaliza kikombe, pua inaziba, macho yanakuwa mekundu, na kabla wimbo wa mwisho haujaisha, kifua kinapiga mluzi. Siku ya Pentekoste alishindwa kusimama. Alikaa chini nyuma ya altare ameshika mguu wa meza, waumini wote wakimtazama.

Kijiji hakina siri. Kabla ya ugali wa mchana, neno lilikuwa limefika kisimani: kikombe kimemkataa Lameck.

Hilo si neno dogo huku. Watoto hufundishwa mapema kwamba anayekwenda mezani na dhambi iliyofichwa hujitafutia hukumu. Na Lameck, kwa bahati mbaya yake, ndiye aliyeamini kuliko wote.

"Nilijipekua," anasema. "Niliungama za ujana, nikaungama za utoto. Zikaisha. Nikaanza kuungama hata zile ambazo sina hakika kama nilizitenda."

Mkewe, Sabina, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Aliniuliza mimi, 'Mama Priska, nikumbushe, nimekukosea nini?' Nikamwambia kaa chini, kazi itachukua siku nzima."

Katika kupekua huko alikuta mikorosho mitatu. Ilikuwa mpakani mwa shamba lake na la mdogo wake, Lucian, na baba yao alipofariki Lameck aliivuna bila kuuliza. Safari hii alimfuata mdogo wake kwa miguu, akamkabidhi mikorosho yake, akamwomba radhi. Lucian alilia. Wakala pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

Jumapili iliyofuata Lameck alikwenda mezani na moyo mweupe. Kifua kikabana vilevile.

Padri Ebenezer alihisi ni moshi wa ubani, akaamuru chetezo kipumzike. Wiki tatu kanisa lilikaa bila ubani, na wiki zote tatu Lameck alipiga mluzi. Hapo akakata tamaa. Akabaki anaandaa kila kitu, lakini wenzake wakisimama kwenda mezani, yeye anarudi sakristia na kufunga mlango.

"Nilikuwa nawasikia wanaimba," anasema. "Nilijiona kama mpishi wa harusi asiyealikwa."

Huenda angezeeka na aibu yake hivyohivyo. Lakini kulikuwa na Glory, mjukuu wake wa miaka 13, anayelelewa hapo kwa babu na bibi huku mama yake, Priska, akifundisha shule ya msingi Newala. Darasa la kipaimara, linalowafungulia watoto njia ya kwenda mezani, lilipoanza, Glory aligoma. Hakusema sababu. Aliambiwa mkaidi, akatishiwa fimbo, hakwenda.

Jioni moja, wakichambua mbaazi, alimnong'oneza bibi yake, "Bibi, si mimi na Babu ni damu moja? Na mimi kitanikataa."

Sabina alimweleza mumewe. Lameck hakula siku hiyo. Kukataliwa yeye alikwisha kukubali, anasema, lakini kumwona mtoto anajikataza mwenyewe kwa ajili yake kulimvunja.

Septemba mwaka jana, baada ya kufyeka makaburini siku mbili mfululizo, mgongo ulimuuma. Akanunua vidonge viwili vya aspirini dukani kwa Fikirini, akameza na chai. Haikupita saa. Midomo ilibadilika rangi, maneno yakakata. Fikirini mwenyewe alifunga duka, akakodi gari, akampeleka pamoja na Sabina hadi hospitali ya misheni kule Ndanda.

Siku ya tatu, pumzi ilipotulia, Daktari Abdulkadiri, kijana mpole asiye na haraka, alikuja kuketi kando ya kitanda chake. Maswali yake yalikuwa ya ajabu.

"Shikamoo, mzee. Ubani wa kanisani kwenu unanukiaje siku hizi?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu. Nina miaka minane sisikii harufu."

Daktari alimmulika puani, akaona vinyama vimeziba njia. Pumu ya ukubwani, vinyama puani, aspirini. Akauliza la mwisho.

"Na pombe?"

"Mimi ni mtunza kanisa. Sinywi pombe."

"Hata kidogo? Hata uraka msimu wa mabibo?"

"Hata tone."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wamesema wahenga. Lakini Lameck hakuficha kitu. Aliulizwa, akajibu kwa kadiri ya imani yake. Na katika zahanati zote alizopita, kila alipoulizwa swali hilo, alijibu vivyo hivyo, na kila mara likaandikwa: hatumii.

Sabina ndiye aliyekohoa pembeni. "Baba Priska, na ile divai ya misa?"

Lameck alimgeukia kwa hasira ambayo mkewe anasema hajawahi kuiona. "Ile si pombe!"

Daktari Abdulkadiri, ambaye ni Mwislamu, aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, mimi mambo ya altareni siyajui na sitaki kuyakosea. Huko ni ibada, naiheshimu. Nakuuliza kuhusu kifua tu. Ukinywa, kinabana?"

Lameck alishusha macho. Kisha, anasema, akalia mbele ya kijana wa watu bila kuona haya.

Daktari alimweleza kwamba ipo aina ya pumu, si ya kila mgonjwa, inayowaanza watu wakiwa wakubwa. Aspirini na ndugu zake wa kutuliza maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, huwafunga kifua. Wengi wao pombe nayo huwasumbua, hata kiasi kidogo, iwe bia, uraka au divai. Alimpa dawa ya kuvuta na ya kupulizia puani, akamwandikia kadi ya wino mwekundu yenye majina ya vidonge vya kukwepa, na akamwambia vinyama vile vinaweza kuondolewa kwa upasuaji.

"Si dhambi, mzee," alimalizia. "Ni mwili tu."

Lameck alitembea na maneno hayo mpaka nyumbani kwa padri.

Padri Ebenezer hataki kuzungumzia ya maungamo, na ana haki. Lakini hili analisema wazi. "Nilimtaka radhi. Nilitafuta kosa kwenye ubani, yeye akalitafuta moyoni mwake. Hakuna kati yetu aliyewaza kikombe chenyewe. Na jambo la kumwambia lilikuwa jepesi: anayepokea mkate pekee amempokea Kristo mzima. Ningemwambia mwaka mzima nyuma, kama ningejua."

Siku hizi padri humalizia kikombe mwenyewe, halafu hukaa kidogo kabla ya kupanda pikipiki. Kijiji cha pili kimezoea kuchelewa.

Naye Lucian alipopata habari, alikuja na panga begani, akitaka mpaka urudishwe ulipokuwa. Kama dhambi haikuwapo, mikorosho ni ya kaka yake.

Lameck alikataa. "Nilimwambia, mikorosho haikunipa pumu, ni kweli. Lakini nilikuwa nimekuibia, na hilo nalo ni kweli. Vuna, baba."

Leo, misa ikifika mahali pake, mtunza kanisa anatoka sakristia, anapiga magoti wa mwisho kwenye mstari. Anapokea mkate. Kikombe kinapofika kwake anaweka mikono kifuani, kinapita. Wapo wanaotazama bado. Yeye amefumba macho, pengine hawaoni.

Pua inaendelea kuziba. Anaweka akiba kwa ajili ya upasuaji, na anatumaini siku moja kuujua tena ubani ulivyo. Kadi ya wino mwekundu haitoki mfuko wa shati, na nakala yake imebandikwa dukani kwa Fikirini.

Lakini ukimuuliza anachokisubiri hasa, hataji pua.

Glory amerudi darasani. Ilibidi babu yake amkalishe chini na kumsimulia yote, mpaka ile siku aliyomfokea bibi hospitalini. Askofu anatarajiwa mwezi Mei kuwawekea mikono watoto 31, na binti huyo ni mmoja wao. Priska ameshaomba ruhusa kazini, atashuka kutoka Newala.

Lameck ameomba ruhusa pia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, atamwachia mtu mwingine meza na kengele, akae na familia.

"Yeye atakunywa," anasema. "Mimi nitakuwa nimepiga magoti pembeni yake, napumua. Nataka asikie kwamba napumua."