Mwangwi wa Kanisa la Bisil

Mama alipoacha kutembea, nilimtoa Bisil nikamleta kwangu Kitengela, karibu na hospitali. Hakulilia shamba wala kuku. Alililia kanisa lake la mabati, alilokuwa akilifagia kila Jumamosi tangu miaka ya tisini. Alitaka kuketi humo mara moja tu kabla hajafa, na daktari akakataa asafirishwe. Kazi yangu ilikuwa kurekodi kwaya, tena mimi ni mtu wa kichwa kigumu. Nikasema kama mama hawezi kwenda kanisani, basi kanisa litakuja kwake.

Wanakwaya wa kanisa lake walipokuja kumwombea, niliwarekodi wakiimba sebuleni. Sauti zilitoka kavu, zimemezwa na makochi na vitambaa vyake. Basi nikaenda Bisil katikati ya wiki, nikafungua kanisa likiwa tupu, nikasimamisha maikrofoni mbili mahali palipokuwa na nafasi, nikagonganisha mbao mbili kwa nguvu. Mabati yakajibu, kuta zikajibu, kisha kimya. Mwangwi huo ndio niliokuwa nautafuta. Kompyuta yangu ya mitumba ilikuwa na programu ya kuuchukua na kuuchanganya na wimbo wowote, hata mtu akivaa hedifoni ajisikie ameketi mle ndani. Ilikwama mara nyingi, nami nikaitukana vya kutosha.

Siku kompyuta ilipokubali, nilimvalisha mama hedifoni. Akafumba macho, akatabasamu, nami nikafurahi kama mtoto. Kisha tabasamu likaisha.

"Umeniweka wapi?" akauliza.

"Kanisani, mama."

"Kanisa naijua. Kwaya iko hapa karibu sana, na mlango iko mbali huko nyuma. Mimi hukaa nyuma, kwa dirisha." Akasikiliza tena. "Hapa ni mbele, katikati, chini ya mimbari. Hapa hakuna benchi. Hapa ndio sisi huweka jeneza."

Mahali palipokuwa na nafasi! Nilihudhuria mazishi mangapi katika kanisa lile, nisijue kwa nini pale huachwa wazi? Nikanyoosha mkono nimvue hedifoni, nikamwambia kesho asubuhi ningerudi Bisil nirekodi upya, kwenye benchi lake, kando ya dirisha.

Akaushika mkono wangu.

"Wacha, mwanangu. Rudisha wimbo mwanzo. Wacha nizoee hapa."