Mlango wa Mwenye Ng'ombe

Nakumbuka siku ng'ombe wa bibi yako walipoibwa, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa juzi tu pale Mugeta, miaka ile ya dhiki, tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Bibi yako, mama mkwe wangu, alikuwa mjane, na ng'ombe wale ndio waliotulimia na kutunywesha maziwa. Yowe likapigwa, wanaume wakashika marungu wakafuata alama za kwato. Desturi yetu unaijua: kwato zinapokomea, mwenye boma hilo ndiye anayejibu. Zilikomea kwa Mwita, jirani yetu.

Mwita hakungoja kuulizwa. Alitoka mbio, na katika nyumba zote akaingia kwetu, kwa mwenye ng'ombe! Nikafumbua kinywa niwaite wanaume. Bibi yako akanishika mkono.

"Nyamaza, mke wa mwanangu. Mtu anakimbiliaga pale anapotegemea kupona."

"Lakini mama, huyu si ndiye mwizi?"

"Ulimwona?"

Sikumwona. Wanaume wakafika wanahema. Bibi yako, na udogo wake ule, akajaza mlango.

"Nabii Isaya alitwambia tumfiche anayefukuzwa. Ng'ombe ni wangu, na mimi sijamshitaki mtu. Kunyweni maji, halafu mrudi kwenye kwato."

Walinung'unika, lakini maji wakanywa. Mimi nilimchukia bibi yako siku ile, sikufichi.

Waliporudi hasira zimeshapoa, macho yakaona. Pale kwa Mwita kwato zilikuwa zimechanganyika na za ng'ombe wake waliotoka kunywa mtoni. Ng'ambo ya mto zile za ng'ombe wetu ziliendelea mbele. Ng'ombe wetu hatukuwapata tena, na niliwalilia. Msimu wa kulima ulipofika, Mwita akaja na plau yake bila kuitwa.

Sasa leo nakuona na wewe umeshika rungu, mnamsaka kijana wa watu. Hasira hasara, mwanangu. Mungu wa manabii anahukumu, na huyo huyo anaficha. Uliza kwanza. Mtu akikimbilia kwako, mfungie ndani awe salama, kesi isikilizwe watu wakiwa wamekaa. Mwita yule ndiye aliyemzaa mkeo. Wangempata siku ile, wajukuu wangu hawa ningewatoa wapi?

Weka rungu chini, baba. Mungu akujalie, siku utakayokimbia wewe, ukute mlango kama ule, na mwenyewe amesimama.