Hatua Thelathini na Mbili

Watu wa mtaani wanasema bendi ya makadeti ilikufa kwa ubishi wa mdogo wangu. Waongo wakubwa! Mdogo wangu hajawahi kubishana na mtu. Mkewe alipoamua kumwacha, yeye ndiye aliyembebea sanduku hadi stendi. Mbishi ni mimi, dada yake, na ndimi ninayesimulia, kwa hiyo nisikilizwe.

Mdogo wangu ni fundi bomba wa idara ya maji. Ujanani alikuwa mpiga tarumbeta, tena si wa kubahatisha. Siku moja yuko ndani ya shimo anafunga bomba, spana kubwa ikamponyoka mwenzake huko juu, ikamvunja meno mawili ya mbele. Wanaocheka mapengo hawajui kitu: midomo ya mpiga tarumbeta huegemea meno. Alijaribu ya bandia, yakacheza kinywani. Akalifunga tarumbeta lake kwa shuka kuukuu, akaliweka juu ya kabati. Miaka kumi na moja hakuligusa.

Kisha akatumwa kuzibua choo cha makadeti, hao watoto wanaokutana kila Jumamosi kujifunza gwaride na huduma ya kwanza. Akawakuta wanatembea kwa mdundo wa debe. Alikuja kwangu moja kwa moja, mikono hajanawa.

"Dada, nataka kuwaanzishia bendi."

"Kwa mdomo gani?" nikamuuliza. Ndiyo, nilimwambia hivyo hivyo.

"Kwa midomo yao," akasema. "Wapige wao, mimi nisikie."

Nikamletea maji na sabuni anawe.

Kamanda wa kikosi alikubali shingo upande. Fundi atafundisha kwa kujitolea, bila cheo wala sare, mpaka siku ya ukaguzi wa mwaka. Mkaguzi mkuu akiridhika, bendi itakuwa ya kudumu. Asiporidhika, vyombo vitapelekwa kikosi kingine na chumba watakachopewa kitarudi kuwa stoo.

Vyombo vyenyewe vilitoka kwenye bendi ya kiwanda kilichofungwa: matarumbeta sita, matromboni mawili na ngoma tisa, vyote vimebonyea. Alivilehemu jikoni kwangu miezi mitatu, mpaka chai ikawa inanuka risasi ya kulehemia. Mimi nikashona suruali kumi na nane zenye mstari mwekundu. Nilinung'unika kila pindo, lakini nilishona. Siku ya mwisho akapanda kitini, akalishusha lile tarumbeta la kabatini, akampa mtoto aliyebaki mikono mitupu. Nilijifanya natafuta sindano ili asione machozi yangu.

Uwanja mkubwa walinyimwa. Kamanda alisema huo ni wa gwaride, si wa kelele. Basi wakafanyia mazoezi nyuma ya ghala la idara ya maji, kati ya lundo la mabomba na ukuta. Kutoka bomba hadi ukuta ni hatua thelathini na mbili. Mdogo wangu akautengeneza wimbo ulingane na hizo hatua: ukifika ukutani umekwisha, wanageuka, wanauanza upya. Mwanzoni aliwageuza kwa filimbi.

Jumamosi moja nilikwenda kuwapima makoti. Nimekaa juu ya mabomba, pini mdomoni, nikaona wimbo unakwisha na watoto kumi na wanane wanageuka pamoja bila hata kuamriwa.

"Wewe! Filimbi umeitupa wapi?"

"Haina kazi tena, dada. Imeshaingia miguuni." Akacheka kwa mdomo wazi, pengo lote nje, yeye ambaye huziba mdomo kwa mkono hata akipiga mwayo. Nami nikapiga makofi. Mungu anisamehe, nilipiga makofi.

Siku ya ukaguzi uwanja ulijaa. Bendi iliwekwa mbele, nyuma yake vikosi vitatu vya makadeti. Mdogo wangu kwa kuwa hana cheo aliambiwa asimame nje ya kamba, pamoja na wazazi. Alivaa shati nililompigia pasi mwenyewe.

Walipoanza, jamani! Mkaguzi akainuka kitini. Wale watoto wa debe walikuwa wanakanyaga kama wanajeshi, na nilisikia tarumbeta la mdogo wangu kati ya yote, nalijua kama ninavyojua kikohozi chake. Alinishika mkono, midomo yake inacheza, anahesabu. Ghafla akaniminya vidole mpaka nikaumia.

"Dada. Ukuta."

"Ukuta gani?"

"Haupo."

Hatua ya thelathini na mbili ikafika, wimbo ukaisha, na wale watoto wakageuka. Wote, pamoja, vizuri ajabu. Wakauanza wimbo upya na kuwaendea wenzao uso kwa uso. Mdogo wangu alipiga kelele, "Mbele! Mbele!" lakini nani angesikia? Tromboni likamgonga mshika bendera, bendera ikaanguka, kikosi cha kwanza kikapandana na cha pili. Ngoma kubwa iliviringika hadi miguuni kwa mkaguzi. Uwanja mzima ukacheka. Na bado walikuwa wanapiga, maana aliwafundisha wasinyamaze hata iweje.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Miezi minane niliishuhudia ile miguu, mimi ninayejifanya naona kila kitu, nisijiulize kutakuwaje siku ukuta usipokuwepo.

Jumatatu kamanda alikuja na pikapu. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Watoto walisimama mlangoni mwa chumba. Mpiga ngoma kubwa, binti mmoja mfupi, alikuwa bado ameshikilia virungu vyake.

"Mwalimu, tulikosea wapi?"

"Hamkukosea, mwanangu," mdogo wangu akamjibu. "Mligeuka vizuri sana."

Akavipakia vyombo mwenyewe, kimoja kimoja, akivifuta kwa kiganja. Kamanda akasoma karatasi yake: matarumbeta sita. Akatazama ndani ya pikapu. Saba.

"Hilo moja ni lake!" nikapaza sauti. "Lake mwenyewe, tangu ujana! Lishushe!"

Kamanda akanyoosha mkono alitoe. Mdogo wangu akamzuia taratibu, akaliingiza katikati ya mengine, akafunga mlango wa nyuma wa pikapu.

"Acha, dada," akasema, mkono umeziba mdomo. "Liende na wenzake. Hapa hakuna wa kulipiga."