Ziwa Nililoshindwa Kulitaja

Aibu inaua, jamani, msinicheke. Miaka ile ya ukimbizi tulipanga chumba Ujiji, na Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni: dagaa, mihogo, punguza bei. Binti yangu alikuwa ametoka kujifungua, kwa hiyo aliyenipeleka hospitali Kigoma mjini, anitafsirie, ni mume wake. Mkwe wangu! Kwetu Burundi mkwe na mama mkwe hata macho hayakutani vizuri.

Nilikuwa na uvimbe sehemu mbili. Mmoja begani, wa siku nyingi. Mwingine kifuani, upande wa kushoto, mgumu kama punje ya mahindi makavu, na huo ndio ulionitoa nyumbani. Nikaonyesha bega.

Daktari akaubonyeza, ukateleza chini ya vidole. "Haya ni mafuta tu," akasema, na mkwe akanitafsiria huku anatabasamu. Daktari akaeleza: nyama ya mwili ikikatwa hukua mpaka kidonda kizibe, kisha huacha. Uvimbe hauachi. Ila huu wa begani umejifungia kwenye mfuko wake, unakua polepole, haumsumbui jirani. Wa kuogopwa ni ule wa saratani. Huo hupenya nyama za jirani, ukang'ang'ania hapo, hauchezi, na mbegu zake husafiri na damu kwenda kuota kwingine. Mara nyingi mwanzoni hauumi.

Hauumi! Na mimi hicho ndicho nilichokuwa nikijifariji nacho.

"Kuna kingine, mama?" mkwe akauliza. Jina la mahali penyewe kwa Kirundi nisingelitamka mbele yake, heri nife. Nikakumbuka neno nililolisikia kwa jirani yangu akinyonyesha, nikamwambia daktari mimi mwenyewe, kwa Kiswahili: "Ziwa. Ziwa linanitisha."

"Pole sana, mama," akasema. Mkwe naye akadakia, akamsimulia tulivyovuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, mawimbi yale, watoto wanatapika. Maskini, alisimulia vizuri! Nikabaki naitikia kwa kichwa kama mjinga, masikio yanawaka kwa haya. Daktari akaniandikia dawa ya usingizi, akatuaga.

Nilifika mlangoni, nikageuka. "Si ziwa la maji," nikasema, nikajishika kifuani palepale, mbele ya mkwe wangu. "Hili."

Mkwe alitoka mbio, akajigonga kwenye fremu ya mlango. Daktari akavuta pazia, akagusa. Uvimbe haukuteleza. Akabonyeza tena, pembeni, mpaka kwapani.

"Umeuona lini?"

Nikajibu ukweli: binti yangu alikuwa hajaolewa bado.

"Sasa mama, kwa nini hukuja wakati ule?"

Wakati ule mkwe hakuwepo, wala sikuwa na wa kumwonea haya. Swali hilo halikuhitaji mkalimani. Nililielewa neno kwa neno, nikajifunika kitenge changu.