Meneja Aliyeturuhusu Kuzima Mashine

Habari zilinifikia sokoni Voi nikichagua nyanya: yule meneja wetu wa zamani wa kiwanda cha mkonge amefariki nyumbani kwake Mghange. Niliziacha nyanya pale pale. Wasomaji wangu mnanijua, sina mazoea ya kuwasifu wakubwa, na wengine nimewasema humu mpaka wakaninunia. Huyu lakini nampa haki yake, tena kwa moyo mkunjufu.

Miaka ya sabini nilikuwa karani pale kiwandani. Yeye alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, na si wachache waliongoja aanguke. Tulikuwa tumerithi sheria kwamba injini ikishawaka, hakuna wa kuizima ila nyapara, kwa sababu majani ya mkonge yakisimama katikati ya mashine hukwama, na kuyachomoa ni kazi ya mchana mzima. Wiki yake ya kwanza meneja aliifuta: yeyote akiona hatari, azime. Tuliitikia "ndiyo, Bwana" tukaendelea kuogopa kama kawaida.

Basi siku moja, mabehewa yakitungoja stesheni, kijana wa Rukanga aliyekuwa akilisha mashine alidhani mkono wa mwenzake unavutwa na majani. Akazima. Kumbe ni kipande cha gunia. Mzigo ukakosa treni, na nyapara akamfuta kazi papo hapo. Kijana yule, mkewe akiwa mjamzito, alisimama akilia mbele yetu sote. Meneja akaja.

"Uliona nini?"

"Niliona mkono, Bwana. Nimekosea."

"Na kesho ukiona tena kitu kama mkono?"

Kijana akafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Utazima," meneja akasema, akitutazama sisi wote. "Hata kama ni gunia tena. Na kazi yako iko pale pale." Kisha akavua koti, akaanza kuchomoa majani pamoja naye. Lawama za wenye kampuni alikwenda kuzibeba mwenyewe. Nyapara alinuna siku kadhaa, nami nilimwelewa, maana naye alikuwa amelelewa kwa vitisho.

Miezi ikapita. Meneja akiwa safarini Mombasa, mashine ilinasa mkono kweli. Aliyeirukia swichi kabla hata hatujapiga kelele alikuwa nyapara. Mkono ulichubuka vibaya, lakini ukapona.

Siku hizi mameneja wetu hupelekwa semina Nairobi, wakarudi na maneno mazuri ya kubandika ukutani. Sina ubaya nayo. Ila wafanyakazi huangalia zaidi yaliyompata mwenzao siku aliyokosea kwa nia njema, na hapo ndipo wanapojua wafanye nini bosi akiwa mbali. Kumlinda mtu wa namna hiyo kwawezekana kwa yeyote anayeongoza watu, hata kwenye duka la vyumba viwili, na ndiyo maana bado nina matumaini na vijana wanaoshika viti sasa.

Tulimzika Jumamosi. Nyapara wetu, mzee sasa, alinishika bega tukitoka makaburini. "Karani," akaniambia, "bila huyu, siku ile ningemwacha mtu akatike mkono, na ningejiona nimefanya kazi yangu."