Shukrani Waliyotaka Iwe Fupi

Asubuhi ile nilikuwa napepeta uwele uani. Mume wangu, Yohana, alikuwa anaziba pengo la zizi kwa matawi ya miiba. Zizini mlikuwa na ng'ombe wanane: watatu wetu, watano wa Lemunge, rafiki yake mfugaji. Kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Huwagawa kwa marafiki, ili ukame au ugonjwa usimmalize. Rafiki hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Wale watano walikuwa kwetu tangu Daudi, mwanangu wa kwanza, anatambaa.

Siku tatu kabla, wakulima na wafugaji walikuwa wamepigana bondeni, upande wa Kolo. Mashamba yalikuwa yamelishwa mifugo, ng'ombe wamekatwa mapanga, na wakubwa waliopaswa kuamua ugomvi huo mapema walikuwa ofisini wanasubiri taarifa. Mpaka leo nikiwafikiria damu inanichemka.

Asubuhi ile wakulima wenzetu wakapita nyumba kwa nyumba kukagua masikio ya ng'ombe, maana kila ukoo una mkato wake.

Wakauona mkato wa Lemunge.

"Yohana, unawafichia adui mali?"

"Nimekabidhiwa tu. Nyote mnajua."

Walijua. Mathayo, jirani yetu, alikuwa amekunywa maziwa ya ng'ombe hao hao.

Ndiye aliyeanza kurusha.

Mishale miwili, Yohana chini. Mimi niko mlangoni, ungo mkononi.

Padre wetu alifika kwa pikipiki, damu haijakauka. Daudi, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshika upinde wa baba yake. Padre hakumhubiria. Aliketi kizingitini, akasema, "Ukitaka kutoka, nikanyage." Akakaa pale mpaka jioni, kanzu imejaa vumbi, maji amekataa. Daudi akaweka upinde chini, akalia.

Miaka iliyofuata, kila Jumapili baada ya misa, Padre alikula ugali na mlenda kwangu. Alikagua madaftari ya Petro, mdogo wake Daudi; Daudi mwenyewe akamtafutia mahali pa kujifunza useremala. Akitoka kwangu alikwenda kwa Mathayo, akala na huko. Nilimchukia kwa hilo, na nikamwambia.

"Mama Daudi," alisema, "sijakuomba usamehe. Naomba tu wanao wasiue."

Mwezi uliopita alistaafu. Nilitoka Makole, mjini, ninakoishi kwa Daudi siku hizi, nikarudi kijijini kumuaga. Mwenyekiti wa parokia, aliyekuwa mtoto wakati ule, akanifuata.

"Shikamoo, mama. Useme kwa ufupi, tafadhali. Mambo ya furaha tu, yale ya zamani tuyaache."

Ya zamani! Ng'ombe wa Lemunge waliwachinja, wakala, wakanawa mikono. Yohana kwangu si wa zamani.

Nikashika kipaza sauti. Mathayo alikuwa benchi la pili.

"Padre, nina wana wawili, watu wazima, wenye wake na watoto. Hakuna hata mmoja aliyeua mtu. Hiyo ni kazi yako, nami nakushukuru kwa moyo wangu wote."

Kisha nikawageukia waliokuwa mabenchini.

"Baba yao hayupo. Hiyo ni kazi yenu."

Mathayo aliinama, nami sikumsubiri ainuke. Nilirudi nikaketi karibu na wanangu.