Makombora ya Kangemi

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa wakili wa serikali, kesi za usalama wa taifa, na kazi hiyo ilikuwa imenifanya mtu wa hasira za karibu. Kila faili iliyoletwa mezani kwangu, katika jengo la korti katikati ya jiji la Nairobi, ililetwa mbio, na kila aliyeileta aliniambia nchi imo hatarini. Tulikuwa tumeshazika watu wetu kwa sababu ya mabomu, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyepuuza.

Asubuhi moja inspekta akaniletea faili ya mchuuzi wa Kangemi. Mazungumzo yake ya simu yalikuwa yamenaswa, na maneno yake yakapigwa chapa: "Makombora imefika kutoka ushago. Kesho naleta town." Yaani yametoka kijijini, yanaingia jijini. Alipohojiwa, alikubali bila kupigwa hata kofi. Makombora yako wapi? Nimeuza yote. Umemuuzia nani? Wanaume wa ofisi. Ya kazi gani? Ya nguvu.

"Madam, huyu amekiri kila kitu," inspekta akasema. "Leo tuombe tu korti imshikilie, halafu tumfungulie mashtaka."

Mashtaka yenyewe yangemla maisha yake yote. Nje ya korti mkewe alikuwa kwenye benchi, mja mzito, akiuliza kila aliyepita kama amemwona mume wake.

Mimi siamini karatasi iliyopigwa chapa na mtu nisiyemjua. Nikadai kanda yenyewe.

"Madam, tutachelewa."

"Basi chelewa ukiwa umekaa," nikamwambia, nikamwonyesha kiti.

Sauti kwenye kanda ilikuwa ya Mluhya hasa, mtu wa magharibi mwa Kenya, na neno lenyewe halikuwa makombora. Lilikuwa mkombero, ule mzizi ambao wanaume huutafuna wakiamini utawasaidia chumbani. Nilijuaje? Mume wangu alikuwa akiununua pale Dagoretti Corner na kuuficha mfukoni mwa koti, akisahau kwamba ameoa kiongozi wa mashtaka.

"Inspekta, mkombero unaujua?"

Akatazama viatu vyake. Aliujua. Nadhani hata wanunuzi wengine wa mchuuzi yule walikuwa ndani ya jengo letu.

Nikashuka hadi kwenye seli za korti. Nilimkuta mwanamume mwembamba amechuchumaa ukutani, nikamuuliza anauza nini.

"Mkombero, madam. Si niliwaambia?"

"Wao walikuuliza makombora."

"Watu wa Nairobi hawajui kuitamka," akasema kwa upole, kama mtu aliyeshazoea.

Kama ningesoma karatasi ile na kusimama mbele ya hakimu jinsi nilivyotakiwa, mtoto wa yule mama angezaliwa baba yuko jela. Niliogopa, kisha nikafurahi sana, vyote kwa pamoja.

Kortini nilieleza kwamba serikali haina ombi tena juu ya mtu huyu. Hakimu akataka sababu. Nikaitoa. Karani akakohoa, askari wa mlangoni akageukia ukuta mabega yakimtikisika, na hakimu mwenyewe akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kabla ya kuamuru mshukiwa aachiliwe. Nyuma, mkewe akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Nikatamani kulia naye.

Mchuuzi mwenyewe hakusogea. Alibaki kizimbani ameshika mbao.

"Nenda nyumbani, baba," nikamwambia. "Umeachiliwa."

Akainama karibu nami, asisikiwe na hakimu. "Madam, na nikirudi kuuza, nitashikwa na kanjo ama ni nyinyi?"

Ndipo nilipoelewa. Muda wote aliokaa ndani, hakuna aliyemwambia kosa lake. Alidhani ameshikwa kwa kuchuuza bila leseni, kama wanavyoshikwa wengine na kanjo, askari wa jiji, na alikuwa tayari kufungwa kwa hilo.

"Ni kanjo tu," nikamjibu.

"Aaa, hao nawajua," akasema, akaachia mbao na kumwendea mkewe.